Fangasi haizibi mirija

Maneno tuliyoyatoa mbele ya wanachama siku ya posho, katika mkutano wa mwezi, Manika, Kolwezi. Tumeyaandika kwa ajili ya ambao hawakufika na kwa wafadhili wanaosoma gazeti hili.



Komite ndiyo iliyotuita. Mweka hazina alipofungua kitabu cha mufuko wa musaada aliona neno moja linarudi mstari kwa mstari: "infeksyo". Mama anaomba mkopo mdogo wa dawa, analipa, kisha miezi miwili anarudi na neno lile lile. Komite ilipouliza kwa upole, jibu lilikuwa karibu moja: "Minatafuta mutoto. Banasema infeksyo njo inakataza." Basi tukaombwa tuje kueleza kama hiyo ni kweli.

Jibu fupi tunalitoa sasa hivi, kusudi hata atakayetoka mapema aende nalo nyumbani. Ile infeksyo ya kujikuna, yenye uchafu mweupe mzito, mara nyingi ni fangasi. Fangasi inasumbua sana, lakini haizibi mirija ya uzazi wala haiharibu kizazi. Mwanamke mwenye fangasi anaweza kubeba mimba. Kama mimba imekawia mwaka mzima, sababu itafutwe mahali pengine, na itafutwe kwa watu wawili.

Sasa tueleze pole pole. Bapapa, tunaona wengine mmeanza kutazama mlango. Kaeni. Yenu yanakuja.

Wanganga wanaiita Candida. Ni kijidudu kidogo sana, ndugu ya ile levire ya kuumulia mkate. Kinaishi mwilini mwa watu wengi wazima bila neno lolote, kwa sababu ukeni kuna vijidudu vingine, vizuri, ambavyo vinatengeneza asidi kidogo na kulinda mahali pao. Siku walinzi hao wanapopungua, fangasi inazaana. Wanawake 3 kati ya 4 wataipata angalau mara moja katika maisha. Kwa hiyo si alama ya umalaya, si alama ya uchafu, na si kazi ya mke wa zamani aliyeapa. Kwa kawaida haihesabiwi kati ya magonjwa ya zinaa, na bwana hahitaji dawa isipokuwa naye anajikuna au ametokwa na vipele.

Shida inaanza kwenye jina. Hapa kwetu "infeksyo" ni jina moja la magonjwa matatu, manne. Fangasi inawasha, inachoma wakati wa kukojoa, inaleta uchafu mweupe kama maziwa yaliyoganda, na haina harufu mbaya. Ukiona uchafu mwepesi wa kijivu wenye harufu ya samaki, zaidi baada ya kulala na bwana, huo ni ugonjwa mwingine, wa bakteria, na dawa yake ni nyingine. Uchafu wa njano au wa kijani, wenye povu na harufu, mara nyingi ni trikomonasi, na hiyo inapita kati ya mke na mume, lazima watibiwe wote wawili. Na kuna magonjwa ambayo hayaonyeshi kitu. Hayo tutayarudia, kwa sababu ndiyo yanayotuogopesha.

Vituo vingi vya afya huku havina labo. Muuguzi anasikiliza dalili, anatoa dawa kwa kukisia magonjwa yanayofanana. OMS yenyewe ilipanga njia hiyo kwa mahali pasipo na vipimo, na imeokoa watu wengi. Lakini tazameni inavyomgeukia mama mwenye fangasi. Anapewa antibiotiki. Antibiotiki haiui fangasi, inaua wale walinzi wazuri. Fangasi inapata uwanja mpana zaidi. Anarudi akijikuna kuliko mwanzo, au haendi tena kituoni, anapita farmasi ya njiani, kijana wa pale anamfungia vidonge vya rangi tatu kwenye karatasi. Tena antibiotiki. Tena muwasho. Mama mmoja alitufungulia mfuko wa plastiki uliojaa pakiti tupu za miaka minne. Dawa ya bakteria, ya minyoo, ya malaria, tena ya bakteria. Ya fangasi ilikuwa mara mbili tu. Kwa muda wote huo hakuna aliyemchukua uchafu kwa pamba akautazama kwa mikroskopi, kipimo ambacho labo ndogo inaweza kukifanya asubuhi moja.

Ndani ya miaka hiyo minne aliambiwa nyumbani kwamba ana "tumbo chafu". Neno hilo mnalijua.

Halafu kuna kujisafisha ndani. Tuseme wazi, tuko watu wazima. Chumvi, ndimu, sabuni, majani yaliyochemshwa, na wengine mpaka maji ya javel. Kila mama anayejaribu hayo anataka kitu kizuri: anataka kuwa safi kwa ajili ya mtoto atakayekuja. Lakini uke unajisafisha wenyewe. Nje oga kwa maji safi, inatosha. Ndani usiingize kitu. Ukiosha ndani unafukuza walinzi wale wale ambao antibiotiki ilikuwa imeanza kuwafukuza, na unaweza kusukuma vijidudu vibaya kwenda juu, kwenye kizazi na mirija, mahali ambapo fangasi peke yake haikuwa na mpango wa kwenda.

Je, fangasi haigusi kabisa mambo ya kutafuta mtoto? Inagusa, kwa upande. Mama anayeumia hataki kulala na bwana, na siku za mimba zinapita. Dawa za kuingiza ukeni, mafuta na krimu, zinaweza kusumbua mwendo wa mbegu za mwanaume kama zikitumiwa saa ile ile. Na kuna jambo moja tunaomba kila mama alishike. Kidonge cha flukonazoli, kile cha kumeza mara moja, ni dawa nzuri ya fangasi, lakini hakifai kwa mwenye mimba. Uchunguzi mmoja wa Denmark uliotangazwa mwaka 2016 uliona mimba zimetoka zaidi kwa wanawake waliokimeza wakiwa wajawazito. Mama anayetafuta mtoto anaweza kuwa na mimba ya wiki tatu bila kujua. Basi kama mwezi umechelewa hata siku chache, mwambie muuguzi kabla ya kumeza. Mwenye mimba hupewa dawa ya kuingiza, klotrimazoli, kwa siku saba. Msisahau pia kwamba mimba yenyewe inaleta fangasi. Kuna bamama wamejikuna, wakasema "tena infeksyo, mwezi huu umepotea", kumbe mtoto alikuwa ameshaingia.

Ikirudi mara tatu na zaidi ndani ya mwaka mmoja, usinunue tena dawa kwanza. Pima sukari. Pima virusi vya Sida. Fangasi inayorudi inaweza kuwa mlango wa kugundua moja ya hayo, na yote mawili yana matibabu.

Sasa magonjwa ya kimya. Kisonono, ile tunaita sopisi, na klamidia. Mwanaume mwenye sopisi anachomwa, anakimbilia dawa. Mwanamke mara nyingi hasikii kitu. Haumwi, hajikuni, hana uchafu wa ajabu. Ugonjwa unapanda pole pole, unaacha makovu ndani ya mirija, na yai la mama na mbegu ya baba hazikutani tena. Infeksyo baada ya kujifungua vibaya au baada ya mimba iliyotolewa kwa siri inafanya vile vile. Wazee waliotoka upande wa Équateur wamesikia habari za vijiji vya Tshuapa wakati wa Wabelgiji, ambako watoto walikuwa wachache mpaka serikali ikashtuka. Wanganga walikuta magonjwa hayo ya zinaa. Na uchunguzi mkubwa wa OMS uliotangazwa mwaka 1985, uliopima ndoa zisizo na mtoto katika nchi nyingi, ulikuta kwamba hapa Afrika zaidi ya wanawake 8 kati ya 10 waliochunguzwa walikuwa na shida iliyotokana na infeksyo. Kwa hiyo bibi zetu waliosema "infeksyo inakataza mimba" hawakusema uongo. Walisema kweli juu ya infeksyo nyingine. Inayowasha inapewa lawama, isiyowasha inaendelea na kazi yake.

Bapapa, zamu yenu.

OMS ilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani anapita katika shida hii ya kukosa mtoto wakati fulani wa maisha. Na katika karibu nusu ya ndoa zenye shida, sababu iko kwa mwanaume, peke yake au pamoja na mkewe. Nusu. Lakini katika familia tulizotembelea Kapata, Kanina, Luilu, bwana aliyepimwa tunamhesabu kwa vidole. Mke ametembea vituo vitano, bwana anasema: "Miye niko na nguvu." Nguvu za kitandani hazionyeshi hesabu ya mbegu. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zote na mbegu zikawa chache, au zisitembee, au zisiwepo kwa sababu sopisi ya ujana iliziba njia yake. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote vya mke: anakaa bila tendo kuanzia siku 2 hadi 7, anatoa mbegu kwenye kikopo safi, labo inazipokea ndani ya saa moja. Hakuna sindano. Mke, kwa upande wake, kujua kama mirija imefunguka anahitaji redio ya dawa inayopitishwa kizazini, na hiyo inauma, inagharimu, na wengine itabidi wasafiri mpaka Lubumbashi. Kuanza na mke na kumwacha mume ni kuanza na njia ndefu.

Kuna pia sababu isiyo ya ugonjwa, na katika chama hiki tunaiona sana. Mke anakaa Manika, bwana yuko kwenye carrière upande wa Fungurume, anarudi siku mbili kwa mwezi, na mara nyingine siku hizo mbili mke yuko kwenye siku zake. Mwanamke anaweza kushika mimba katika siku kama sita tu za kila mwezi, zinazoishia siku yai linapotoka, karibu wiki mbili kabla ya mwezi ujao. Bwana na bibi wanaokutana nje ya siku hizo wanaweza kukaa miaka mitatu bila mtoto na wote wazima kabisa. Hao hawahitaji dawa. Wanahitaji kalenda, na bwana apange safari yake kwayo. Wanaoishi pamoja wakikutana kila siku ya pili au ya tatu, hata kalenda hawaihitaji sana.

Ndiyo maana wanganga wanasema subirini miezi 12 ya kukutana sawasawa kabla ya kuita hali hiyo shida. Mama aliyepita miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6.

Ulizo la maji limekuja kutoka kwa bamama wanaoosha mawe, wale wa mto Luilu na wale wa ziwa Malo pale Kapata. Wanasema: tunasimama ndani ya maji mpaka kiunoni tangu asubuhi, na magonjwa haya yote yanatoka humo. Mwezi wa tatu mwaka 2024 mashirika mawili, RAID na AFREWATCH, yalitoa ripoti baada ya kuongea na watu katika vijiji 25 vya ukanda huu wa migodi. Watu 56 kati ya 100 walisema uchafuzi unaumiza afya ya uzazi ya wanawake na wasichana: siku za mwezi kuvurugika, infeksyo, mimba kutoka. Hayo ni masimulizi ya wanaoishi pale, si vipimo vya labo, na mnganga mwenye akili anayasikiliza. Kwa fangasi tuna la kusema moja kwa moja: inapenda joto na unyevu, kwa hiyo kikwembe kilicholowa mwilini kutwa nzima kinaisaidia. Beba kingine kikavu, ubadilishe unapotoka majini. Na maji yenye asidi yanaweza kuunguza ngozi ikawasha bila fangasi yoyote; huyo ukimpa dawa ya fangasi, hata mara kumi, hatapona. Ndiyo tena ile habari ya kupima kwanza.

Na msidhani madini yanagusa mke peke yake. Watafiti wa Lubumbashi walionyesha tangu mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi kwenye mkojo. Mwaka 2020, uchunguzi uliofanyika Lubumbashi na kutangazwa katika jarida la Lancet Planetary Health uliona kwamba baba anayefanya kazi ya madini alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata mtoto mwenye kasoro ya kuzaliwa. Baba. Basi papa akirudi, avue nguo za kazi nje, aoge, ndipo amkumbatie mkewe.

Kwa nini tumesema haya katika chama cha waliorudi? Wengi wenu mlikaa Zambia, Meheba na kwingine. Wengine mlirudi kutoka Angola. Wengine ni watoto wa familia zilizofukuzwa Likasi na Kolwezi mwaka 1992 na 1993 zikapelekwa Kasai. Mtu akirudi mahali ambapo nyumba yake ina mwenyeji mwingine, mtoto ndiye anayempa tena mizizi. Tunasikia mama mukwe akisema: "Tulirudia na mikono mitupu, na nyumba iko mitupu." Kisha bwana anafungua biro ya pili mjini. Kisha mke anarudishwa kwao, na "kwao" kwa mtu aliyerudi ni wapi? Kuna mwanamke ambaye ndoa yake imevunjwa na ugonjwa usiozuia mimba.

Jambo lingine la waliorudi ni karatasi. Wazee wa Gécamines wanakumbuka: mfanyakazi na familia yake walikuwa na fishe kwenye hospitali ya kompanyi, mnganga anaifungua na kuona miaka kumi. Ninyi fishe zenu zilibaki kambini au zilipotea njiani, na kila kituo kinaanza upya, na kuanza upya maana yake ni antibiotiki ile ile. Kuanzia leo nunueni daftari moja la shule. Kila dawa iandikwe, kila kipimo, na tarehe. Bwana na bibi, daftari moja.

Kwa komite tunapendekeza hivi. Mufuko uendelee kukopesha dawa ya fangasi mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu ndani ya mwaka, mufuko usilipe dawa mpaka kipimo kifanyike, na ulipe kipimo hicho, pamoja na sukari na Sida. Ndoa inayotafuta mtoto mwaka mzima iombe pamoja, mke na mume kwa sahihi mbili, na kipimo cha kwanza kulipwa kiwe cha bwana. Tulipolisema hili kulikuwa na kelele upande wa bapapa, na mzee mmoja akasimama kusema heshima ya mwanaume itaangushwa. Tunamheshimu mzee. Tulimwuliza kama heshima ya binti yake imesimama katika vituo vitano alivyopita peke yake. Alikaa, na komite iliandika pendekezo. Litapigiwa kura mkutano ujao.

Kwa wafadhili tuna neno moja. Katika miradi tuliyoifanyia kazi, feza za kupanga uzazi zinapatikana, nasi tunazishukuru. Kwa anayetafuta mtoto wa kwanza, hakuna mstari katika bajeti. Anaambiwa Congo ina watu wengi. Hajazaa hata mmoja, na hesabu ya nchi haimhusu. Labo moja yenye mikroskopi nzuri, dawa za kupimia sukari, na nauli ya Lubumbashi kwa ndoa chache kila mwaka: hiyo ndiyo orodha yetu, ni fupi.

Baada ya maongezi, maulizo yalikuwa mengi, zaidi ya yale yaliyoulizwa mbele ya watu. Moja tunaliandika kwa sababu bamama watatu waliliuliza kila mmoja kivyake pembeni: "Minaanza dawa ya kuingiza leo, na hizi njo siku zangu za mimba. Niache dawa ao niache bwana?" Maliza dawa, mama. Siku saba. Mwili ukipoa, mwezi ujao siku hizo zinarudi, na safari hii mwambie bwana asiende carrière.